Jengeni nyumba ya karatasi, mtoto atakuonesha yenu

Mpe mtoto wa miaka sita boksi tupu la tambi, kalamu na mkasi usio na ncha, kisha mwombe akutengenezee nyumba mnayoishi. Usimwambie aanze wapi. Wengine huanza na mlango. Wengine huanza na kitanda chao, au banda la kuku. Mzazi atakayekaa kimya dakika kumi akitazama atajua mambo ya nyumba yake ambayo hakuwahi kuyauliza.

Mchezo huu si mgeni kwetu. Watoto wa Unguja tangu zamani wamejenga vijumba kwa mchanga, udongo, vifuu na majani ya migomba, wakapika humo na kupokea wageni. Karatasi na boksi vinaongeza jambo moja tu: nyumba haibomoki jioni. Inawekwa juu ya kabati, kesho inaongezwa chumba, wiki ijayo inarekebishwa paa. Kwa kuwa inadumu, inaweza kufanana na nyumba ya kweli, yenu nyinyi wenyewe, yenye rangi ya mlango wenu na mwembe wenu wa uwani.

Likizo ya skuli iliyopita nilikuwa Mangapwani kwa shangazi yangu. Mimi na watoto watatu wa nyumba ile, mkubwa wao ana miaka tisa, tulijenga nyumba yao kwa maboksi. Kazi ilichukua alasiri mbili. Nia yangu ilikuwa kuwatoa kwenye simu. Tulipomaliza tulikuwa tumezungumza habari za kisima, choo, chumba cha bibi na jirani, na watu wazima wa nyumba wakawa wamepata kazi ya kufanya.

Kwa nini mikono, si kioo

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni hata kidogo. Wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Wazazi wengi wanaujua ushauri huu. Kinachowashinda ni swali linalofuata: sasa afanye nini, na mimi nina kazi?

Karatasi ni jibu moja la bei nafuu. Kukata, kukunja na kubandika hutumia misuli midogo ya vidole, ile ile ambayo mtoto ataihitaji kushika penseli, kufunga vifungo vya shati la skuli na kufunga kamba za viatu. Kwa kawaida mtoto wa miaka mitatu huanza kukata vipande ovyo ovyo. Akifika minne au mitano huweza kufuata mstari, na akikaribia sita hukata umbo. Mwalimu Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua skuli yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliweka kukunja na kukata karatasi miongoni mwa kazi za watoto wake.

Simu nayo ina nafasi yake katika mchezo huu. Mtoto atoke nje apige picha pande nne za nyumba. Picha hizo zitakuwa ramani yake atakapokaa kujenga.

Pimeni kwa hatua za mtoto

Mangapwani iko pwani ya magharibi ya Unguja, kaskazini ya mji, ukipita Bububu. Ukitembea kijijini utaona nyumba za kila namna: za udongo na fito zilizoezekwa makuti, za mawe na chokaa, na za matofali ya saruji zenye bati. Nyumba moja inaweza kuwa na zote tatu, kwa sababu watu hujenga kadiri riziki inavyokuja. Ndiyo maana kila nyumba ya karatasi hutoka tofauti. Hakuna haja ya kununua kielelezo.

Kipimo rahisi ni hiki. Hatua moja ya mtoto wa miaka minane au tisa hukaribia nusu mita. Hakikisheni kwanza kwa futi kamba, kisha kila hatua iwe sentimita moja kwenye karatasi. Yaani sentimita 1 ni nusu mita ya ardhini, na sentimita 2 ni mita nzima.

Nyumba ya mita 10 kwa 8 itakuwa sentimita 20 kwa 16, na sakafu yake itaenea kwenye karatasi moja ya A4. Ukuta wa mita 3 utakuwa sentimita 6. Mlango wa mita 2 utakuwa sentimita 4. Bibi mwenye urefu wa mita moja na nusu atakuwa sentimita 3, na watoto watacheka sana wakimkata.

Ujenzi wenyewe

Gundi mnaweza kuipika. Koroga vijiko vitatu vya unga wa ngano kwa maji baridi kidogo hadi yasiwepo madonge, kisha mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga. Ikiwa nzito kama uji wa mtoto, epua. Chumvi kidogo husaidia isiote ukungu haraka. Kazi ya jikoni ni ya mtu mzima.

Kuta ni utepe mmoja mrefu wa karatasi ngumu, manila au boksi jembamba la biskuti. Kwa nyumba yetu ya mfano utepe uwe sentimita 72, na sentimita 1 ya ziada ya kubandikia. Ukikosa karatasi ndefu unganisha mbili. Chora mistari ya kukunja kwenye sentimita 20, 36 na 56. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokwisha wino juu ya mstari huku ukikandamiza, ili kona itoke kali. Kwa chini acha sentimita 1 nyingine ikunjwe ndani na ibandikwe sakafuni.

Pande mbili fupi ziongezewe juu pembetatu ya kimo cha sentimita 4. Hapo paa litakaa. Paa ni karatasi moja ya sentimita 20 kwa 22 iliyokunjwa katikati, nayo itatokeza kidogo kila upande kama inavyotakiwa ili mvua isipige ukuta. Msiligundishe. Paa linaloinuka ndilo linaloruhusu kupanga vyumba, vitanda na watu.

Sasa ndipo nyumba inakuwa yenu. Boksi la kawaida lina tabaka tatu. Ukilowesha kidogo na kuchuna karatasi ya juu, ndani utakuta mawimbi yanayofanana kabisa na bati. Kwa makuti, kata karatasi ya kaki vipande vyembamba, chana ncha zake, na anza kubandika chini ukipanda juu, kama fundi anavyoezeka. Chelewa za ufagio zinafaa kuwa boriti, nguzo za kipenu na uzio. Baraza ni kipande cha boksi kilichokunjwa mara mbili. Nguo za kuanika ni vitambaa vya fundi cherehani.

Watoto wa mjini nao hawakosi. Aliye Michenzani, kwenye zile nyumba ndefu za ghorofa zilizojengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, anaweza kupanga maboksi ya viberiti matupu na kutia alama dirisha lake. Aliye Mji Mkongwe atashughulika zaidi na mlango, maana nakshi zake zinataka kalamu nyembamba na subira.

Tahadhari chache. Wembe na kisu ni vya mtu mzima pekee. Msitumie gundi kali ya kuunganishia plastiki na viatu, kwani hunasa ngozi na ikiingia jichoni ni kwenda hospitali. Msichukue maboksi yaliyokuwa na dawa za wadudu, dawa za kilimo au betri zilizovuja. Vipande vidogo viwekwe mbali na mtoto wa chini ya miaka mitatu, ambaye kila kitu hukitia mdomoni. Wakimaliza, waoshe mikono kwa sabuni.

Uzi wa sentimita 60

Hapa ndipo mchezo wetu ulipogeuka kuwa habari ya afya.

Nyumba ilipokamilika tuliiweka juu ya jamvi, na watoto wakaanza kupanga uwani: mwembe, banda la mbuzi, choo, kisima. Niliwaomba wapime kila kitu kwa hatua, wasikisie. Kisha nikawakatia uzi wa kushonea wa sentimita 60.

Kwa kipimo chetu sentimita 60 ni mita 30. Huo ndio umbali unaoshauriwa mara nyingi kati ya choo cha shimo na kisima cha maji ya kunywa. Tulishika ncha moja kwenye kisima na kuuzungusha uzi. Choo cha nyumbani kilikuwa nje ya duara. Watoto wakapiga makofi. Ndipo yule wa miaka tisa akauliza mbona hatujaweka choo cha jirani.

Tukatoka tukapima. Choo cha jirani, kilichochimbwa baada ya kisima, kilikuwa ndani ya uzi, tena ndani sana.

Katika sehemu nyingi mita 30 ni kinga ya kutosha, kwa sababu udongo huchuja uchafu maji yanaposhuka. Lakini Unguja sehemu kubwa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una nyufa na matundu. Watu wa Mangapwani hawahitaji kuelezwa zaidi, kwani wana pango la matumbawe lenye maji baridi ndani yake, na kila mgeni hupelekwa kulitazama. Maji yanayopita kwenye ufa hayachujwi kama yanayopita kwenye udongo. Hivyo huku kwetu mita 30 ni mwanzo wa tahadhari, na kisima kilicho karibu zaidi ya hapo kinataka hatua.

Zanzibar imewahi kupigwa na kipindupindu mara kadhaa, na ugonjwa huo hupita njia hii hii: kinyesi kwenda kwenye maji, maji kwenda mdomoni. Kuhara kwa kawaida nako hupita hapo hapo, na kwa mtoto mdogo kuhara kunaweza kuua kwa kukausha maji mwilini.

Kumwambia jirani kuwa choo chake kina kasoro si jambo jepesi. Watu wamekatiana salamu kwa mambo madogo kuliko hayo. Shangazi alilifikiria usiku mzima. Asubuhi akawachukua watoto, wakabeba nyumba yao ya boksi, jamvi na uzi, wakaenda kwa jirani kumwonesha walichotengeneza. Mama wa nyumba ile alisifu paa, akacheka alipojiona yeye mwenyewe amekatwa kwa karatasi amesimama uwani, kisha mtoto akauzungusha uzi. Hakuna aliyelaumiwa. Karatasi ilikuwa imeshasema.

Choo bado kipo pale pale, maana kuchimba kingine ni gharama. Lakini nyumba zote mbili sasa huchemsha maji ya kunywa, kisima kimefunikwa, na wamekubaliana kumweleza sheha ili afisa wa afya aje aangalie. Ukikuta hali kama hiyo kwako, hizo ndizo hatua za kwanza: chemsha maji au yatibu kwa dawa ya maji kama ilivyoelekezwa kwenye pakiti, funika kisima na inua mdomo wake ili maji ya mvua yasiingie, kisha shirikisha uongozi wa shehia.

Alama nyekundu

Baada ya uzi, mpe mtoto kalamu nyekundu atie alama kila mahali panapoweza kumdhuru yeye au mdogo wake. Usimsaidie mwanzoni. Ukiona amesahau, uliza tu.

Jikoni: jiko liko chini mtoto anapopita? Akiungua, weka sehemu iliyoungua kwenye maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta.

Kabatini: mafuta ya taa yamo ndani ya chupa ya soda? Mtoto haoni mafuta, anaona soda. Akinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali na chupa mkononi. Dawa za bibi nazo ziwe juu na zifungwe.

Bafuni na kisimani: ndoo na pipa viwe na mifuniko. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji kidogo ya ndoo.

Uwani: vifuu, matairi na makopo yanayoshika maji ya mvua ni mazalia ya mbu wa dengue, ambaye huuma mchana. Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini haijaisha, kwa hiyo chandarua kiwepo pia kwenye kitanda cha karatasi. Kipande cha wavu wa kitunguu kinatosha.

Watu wa ndani ya nyumba

Paa likiinuliwa, mtoto huwapanga watu. Sikiliza hapo. Mtoto ambaye baba yake anafanya kazi Muscat anaweza kumweka mlangoni, ndiyo anafika, au anaondoka. Mtoto ambaye wazazi wameachana anaweza kutaka kujenga nyumba mbili. Mwache ajenge zote mbili, na mkipata nafasi mtengenezee njia kati yake. Aliyefiwa na babu anaweza kumlaza kitandani kwake kama zamani. Usimkatize kwa kumwambia babu hayupo, anajua.

Jambo moja liwe wazi. Nyumba ya karatasi si kipimo cha daktari, na mtoto akimweka mtu nje ya nyumba haina maana kuna baya limetokea. Huenda hapakuwa na nafasi. Usimhoji kama polisi. Lakini akisema kwa kinywa chake kuwa kuna chumba anachokiogopa au mtu anayemuumiza, tulia, msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, wala usimrudishe penye hatari. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto na haina malipo. Kwa Zanzibar pia kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako matibabu, polisi na ushauri hupatikana pamoja.

Watoto wa Mangapwani wana nyumba nyingine ya kuuliza. Karibu na pwani kuna chumba kilichochongwa ndani ya mwamba na kuezekwa, kinachohusishwa na mfanyabiashara Mohammed bin Nassor, kilichotumika kuficha watu waliotekwa baada ya Sultani Barghash kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Mtoto akiuliza kama nayo ni nyumba, maana ina kuta na paa, mjibu kwa lugha ya boksi lake: pale mlango ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Ni jibu ambalo hata wa miaka saba analielewa, na linampa neno la kutumia siku yoyote akihisi amefungiwa.

Zawadi inayoingia kwenye bahasha

Nyumba isiyogundishwa hulala bapa. Familia yenye ndugu Oman au Uingereza inaweza kuchora na kukata nyumba ya bibi, ikaitia kwenye bahasha pamoja na maelezo ya kukunja, na wajukuu wa kule wakaisimamisha wenyewe. Kwa mtoto aliyezaliwa ughaibuni, kujua kuwa choo cha bibi kipo uwani na mwembe uko kulia ni mwanzo mzuri wa kuja likizo.

Na msidharau kuweka kumbukumbu. Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 ndani ya Mji Mkongwe ulioingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, lilidhaniwa litasimama siku zote, hadi sehemu yake ilipoporomoka Desemba 25, 2020. Nyumba zetu za kawaida hubadilika haraka zaidi ya hapo: makuti hutoka, bati huingia, kipenu huwa chumba cha bwana harusi. Mangapwani yenyewe ndiko kulikopangwa bandari mpya, na sura ya eneo haitabaki ile ile.

Kwa hiyo kabla hamjabandika kuta, geuzeni sakafu. Mtoto aandike chini yake jina lake, tarehe, na majina ya wote wanaolala humo siku hiyo. Kisha afunge ule uzi wa sentimita 60 kwenye kona, usije ukapotea.